Dakika ya Sita, Sekunde ya Hamsini na Mbili

Wanafunzi walimwita Mama Nukta, na wala hawakumwonea. Wifi yangu alikuwa tayari kukurudishia kazi ya kurasa mia kwa sababu ya nukta moja uliyoisahau kwenye marejeo. Kibanda chetu kiko nyuma ya chuo: yeye kwenye kompyuta akichapa kazi za wanafunzi, mimi kwenye mashine ya kujalidi, na katikati yetu feni inayopiga kelele bila kuleta upepo. Miaka kumi na moja tumekaa hivyo, tukigombania redio.

Kilichomtia wazimu zaidi ni video. Watoto wa siku hizi wanajifunza kila kitu mtandaoni, halafu kwenye marejeo wanabandika kiungo kitupu, basi, wamemaliza.

"Hii ndiyo nini sasa?" alikuwa akifoka. "Nani kaiweka? Lini? Inaitwaje? Maneno uliyonukuu yako dakika ya ngapi? Au unataka msomaji wako akeshe anatafuta sentensi moja?"

Akishafoka, anaifungua video mwenyewe na kuandika kimoja kimoja. Sheria yake ilikuwa fupi: usichokiona pale, usikiandike.

Asubuhi moja akaja mwanafunzi mpole, ameandika kuhusu mafundi wa mitaani wanavyofundishana kwa video. Wifi akafungua kiungo cha kwanza. Nikasikia ile sauti, gundi ikanimwagikia mkononi.

"Karibuni tena jamani! Mimi Fundi Waya, leo tunafungua pasi."

Alikuwa mwanawe. Mwanetu, niseme, maana mimi ni shangazi yake na nimembeba mgongoni. Miaka miwili nyuma kichwa kilimuuma Jumatatu, Ijumaa tukamzika, ana miaka ishirini na minne. Tangu siku hiyo mama yake hakuthubutu kufungua video yake hata moja. Na hii aliizima palepale.

Kisha akaandika. Jina la Fundi Waya alilitia kwenye mabano tu. Mbele yake aliweka jina la mtoto mwenyewe, lile tulilompa sisi.

"Mwanangu anaingia maktaba, wifi," akaniambia.

Baada ya wiki mwanafunzi akarudi, ameinamisha kichwa. Msimamizi wake alikuwa amelizungushia lile jina wino mwekundu: Limetoka wapi? Akaunti inasema Fundi Waya tu. Thibitisha au ondoa.

"Mwambie aliyechapa ni mama mzazi wa huyo fundi!" nikadakia. Yaani huyo msimamizi angekuwa karibu ningemjalidi masikio.

"Wifi, acha," Mama Nukta akasema. "Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, ningelifuta mwenyewe."

Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Kidole kikakaa pale, hakibonyezi.

"Ngoja kwanza. Labda mahali fulani anajitaja."

Akaifungua tena, na safari hii hakuizima. Tukatazama wote watatu. Mtoto akalegeza skrubu, akaonyesha waya ulioungua, akawatania watazamaji wake kwamba pasi zao zinakufa kwa kupigwa makofi. Dakika tano, dakika sita, jina hakuna. Mama yake alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Ilipofika dakika ya sita na sekunde hamsini na mbili, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya ukuta, kali, ikamwita kwa majina yake yote matatu, kama mama anavyoita akishachoka kuita. "Chakula kinapoa! Video, video, kutwa nzima video! Nani atakuthamini kwa upuuzi huo?"

Mwanetu akacheka, lakini macho akayashusha. "Mmemsikia mama? Nisubirini nikale, nisije nikafukuzwa." Akainuka. Kikabaki kiti na pasi iliyo wazi.

Feni ilikuwa inapiga kelele zake.

"Ni mimi," wifi akasema. "Mungu wangu, ndivyo nilivyomwambia."

Mwanafunzi akakohoa. "Mama, tuweke tu Fundi Waya. Tukiandika dakika hiyo, msimamizi ataisikiliza. Na kila atakayesoma ataisikiliza."

Nami nikamwambia vilevile. Nilimsihi, nilimshika bega. Kwa nini ajianike mbele za watu? Nani asiyemgombeza mtoto wake kwa ajili ya sahani ya chakula?

"Na wamsikilize huyo mama," akasema, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Alimuuliza mtoto nani atamthamini. Jibu si hili hapa kwenye kitabu? Jina lake litakaa."

Akaandika chini ya ukurasa kwamba jina la fundi linasikika kwenye video hiyohiyo, likitajwa na mama yake, 6:52. Halafu akaiweka mikono mapajani, akawa anakitazama kile kiti kwenye kioo cha kompyuta.

Nilisubiri. Kwa miaka kumi na moja sijawahi kumwona akiacha sentensi wazi. Mwishowe niliinama juu ya bega lake, nikamwekea nukta mimi.