Shimo la Mti wa Tano

Jepleting hupika chai kwenye mikutano ya tabianchi kule mtaa wa Free Area. Kila mwaka mgeni rasmi hupanda mti, hupigwa picha, huenda zake. Mti hukauka, na mwaka unaofuata shimo lilelile huchimbwa upya.

Juzi mgeni alipoinua mche, Jepleting aliweka birika chini akamzuia.

"Mheshimiwa, kwa hili shimo tumezika miti minne. Huu wa tano utamwagiliwa na nani?"

Mlinzi akasogea. Mwenyekiti wa mkutano akamnong'oneza Jepleting, "Mathe, kaa chini, utapoteza kazi."

"Nimeuliza, nani?"

Nyuma kabisa, mama mmoja kutoka mtaa wa Rhonda akainua mkono. "Jumatatu ni yangu."

"Jumanne, mimi," akadakia mwingine.

Siku zote saba za wiki zikapata wenyewe, mikono bado iko juu. Jepleting akamgeukia mgeni.

"Haya. Sasa panda."