Gogo la Mkwaju la Dewa Rentang

Tangu majivu ya Dewa Rentang yapelekwe baharini, gogo lake la kukatia lilikaa kwenye ghala la mpunga, limefunikwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyeruhusiwa kukatia juu yake hata kitunguu. Desak Raka, mjane wake, mwalimu mstaafu wa hesabu, alilipangusa vumbi yeye mwenyewe, na kila alipofika pale katikati, palipobonyea kwa mapanga ya miaka mingi, mkono wake ulikawia.

Lawar ya nyumba ile, mchanganyiko wa mboga na nyama za kukatwakatwa, ilikuwa na jina. Siku za sherehe wanaume wa mtaa walifika kabla ya mapambazuko, wakakaa chini, wakakatakata fenesi changa, maharage mabichi na nyama hadi ua ukavuma kama mvua juu ya mabati. Lakini kuchanganya kulikuwa kazi ya mkono mmoja tu. Dewa Rentang aliosha mkono wake kwa ndimu, akauzamisha kwenye viungo vilivyotwangwa, manjano, hulinjani, vitunguu vidogo, pilipili, na hakuanza mpaka wageni wawe wameketi mkekani. "Watu wakae kwanza," alikuwa akisema, huku wenye njaa wakimtukana kwa utani.

Sasa mwana wao wa pekee alikuwa mpishi melini, akiwakaangia watalii mayai katikati ya bahari. Nyumbani alibaki mkewe, Luh Sukerti, binti wa kaskazini mwenye sauti kubwa. Wageni wapenda chakula waliendelea kuja kujifunza upishi wa Bali, na Desak aliwafundisha kutwanga na kufunga samaki kwenye majani ya mgomba. Lawar alichanganya jirani, Pan Lodra. Walipouliza kama ndiyo ile ya marehemu, Desak alitabasamu, akawaongezea wali.

Asubuhi moja walitarajiwa Bu Tresna na mumewe, kutoka Bandung. Pan Lodra alifika mapema, kisu kiunoni.

"Mama Mwalimu, nichanganye sasa au niende zangu? Kwa binamu yangu wana nguruwe mzima, wananisubiri."

"Wageni hawajafika, Pan."

"Basi wachanganyie mwenyewe!" Akacheka.

Mwanamke kutia mkono kwenye lawar ya nyumba ile? Desak alinyoosha kidole kuelekea beseni. "Changanya. Wako njiani."

Njiani kweli walikuwa. Ila msafara wa hekalu ulikuwa umefunga barabara, na gari lao likasimama nyuma ya ngoma na miavuli mpaka jua likawa utosini. Walipoingia uani wakiomba radhi, Sukerti alikuwa ameshaweka vipande vya majani ya mgomba vyenye punje za wali jikoni na kisimani, kwa miungu, maana kabla ya hapo hakuna anayeonja kitu. Desak akafunua beseni aliloliacha Pan Lodra alipokwenda kwa binamu yake. Lawar ilikuwa imelegea, imetoa maji. Harufu ya uchachu ikampanda puani.

Aliinama juu ya beseni, uso ukiwaka kwa aibu. Wageni wale wangekula uchachu huu na kurudi Bandung wakisema, hii ndiyo lawar ya Dewa Rentang.

"Mama," Sukerti alinong'ona, "nazi ya kuchoma ipo. Fenesi na kuku vipo, nilivitenga. Niache nichanganye."

"Wewe?"

"Sasa nani, paka?"

"Luh! Baba mkwe wako angesemaje?"

"Angesema watu wameshakaa." Sukerti alikuwa tayari anakata ndimu. "Alipougua mkono, nani alimwekea viungo? Alikuwa akinikaripia, ongeza, punguza, wewe mkono wako kama wa muuza samaki."

Desak aliijua kauli ile. Aliisikia kabisa, na kikohozi kilichoifuata. Alifunua chungu cha viungo, akamsogezea mkwewe.

Sukerti alichanganya kwa haraka, vidole vikifinya, vikiachia. Hakuonja. Alinusa, akakamua ndimu ya maganda ya makunyanzi, akanusa tena, akakamua nyingine. Desak alifumba macho akiitafuta harufu ya mumewe. Ilikuwepo, kwa mbali, lakini ndimu ilikuwa imeipita mbele, kali, changamfu, kama watu wa kaskazini wanavyopenda.

Walikula. Kisha Bu Tresna akaomba tena, na mumewe akaomba bila kuomba, akivuta sahani.

"Bu Desak," mgeni aliuliza, "ndiyo ile ya Bapak, marehemu mumeo, tuliyoisikia?"

Sukerti aliinamisha kichwa. Desak aliweka kijiko chini.

"Hapana. Ile aliondoka nayo. Hii ni ya mkwe wangu, na ni ya nyumba hii."

"Ina ndimu nyingi," alisema yule bwana, mdomo umejaa.

"Nyingi mno," Desak alikubali. "Nitamsema baadaye."

Wageni walipoondoka, aliingia ghalani, akatoka amekumbatia kitambaa cheupe, mzigo ukimlemea. Alilitua gogo kando ya kisima.

"Lisugue kwa chumvi na ndimu, kwa kuwa unazipenda sana," alisema. "Sherehe ya hekalu letu inakaribia. Pan Lodra atakuja kukata tu, kama wenzake."

Sukerti akalimwagia maji. Katikati, pale palipobonyea, maji yalikusanyika na kutulia, na Desak akasimama akiyatazama mpaka mkwewe alipolilaza upande yakamwagika.