Mzee Upepo na Matairi Mawili ya Mbele

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi wa matairi katika karakana ya jeshi. Hakuwa askari. Alivaa ovaroli na jioni alirudi nyumbani akinuka mpira. Madereva walimwita Mzee Upepo, kwa sababu kabla hajaitikia salamu alikuwa ameshauliza kama upepo umepimwa asubuhi, tairi likiwa bado la baridi.

Niliishi nao tangu ndoa yangu ilipovunjika, katika nyumba iliyopakana na uzio wa karakana. Dirishani kwangu niliyaona magari ya deraya yamepangwa: upande huu yale ya magurudumu manane, upande ule yale yanayotambaa kwa minyororo ya chuma badala ya matairi. Kila wiki shemeji aliyasogeza kidogo yale ya magurudumu, maana uzito ule ukikaa sana mahali pamoja, mpira hubonyea na haurudi tena.

Mtoto wa dada, ambaye kwetu ni mwanangu pia, aliendesha mojawapo. Mezani hakuacha kumchokoza baba yake.

"Baba, minyororo haijazwi upepo. Siku wakileta ya minyororo mitupu, utauza nini?"

"Nitakuuza wewe, ingawa sijui nani atanunua."

Dada alicheka hadi akaweka kijiko chini.

"Sikiliza," shemeji aliendelea. "Minyororo inapita kwenye matope ambayo tairi linazama, na risasi haiitoboi. Lakini inakunywa mafuta, inachana lami, na safari ikiwa ndefu lazima ibebwe kwenye trela kama mgonjwa. Magurudumu yanakwenda yenyewe, tena mbio."

"Kwa hiyo magurudumu ndiyo bora."

"Yakitunzwa. Yasipotunzwa, afadhali punda."

Kulikuwa na desturi moja iliyomkosesha usingizi. Mgeni mkubwa akija kukagua, madereva walichanganya oili chafu na dizeli wakapaka matairi yang'are. Shemeji alikuwa amesema hadi sauti ikamkauka: oili hula mpira kama mchwa anavyokula mlango, kwa nje bado unauona mlango. Walimwitikia "Ndiyo, mzee," wakapaka. Mwanangu alipaka kuliko wote, na gari lake likasifiwa mbele ya gwaride. Aliyetii ni mmoja tu, kijana mkimya waliyemwita Mpole. Huyo aliosha matairi yake kwa maji na sabuni, akachekwa.

Miezi ikapita, ubavuni mwa matairi nyufa zikaanza kujitokeza. Ndipo ikaja amri: msafara uondoke kesho kwenda mpakani. Matrela yalikuwa mabovu, kwa hiyo ya minyororo yangebaki. Yangekwenda ya magurudumu.

Shemeji alimfuata mkuu wa karakana. "Afande, matairi haya hayafiki."

"Najua, fundi. Ghala tupu. Nimeandika, nimepiga simu, nimeomba. Wanaondoka hivyo hivyo."

Mchana ule, madereva wakiwa kwenye kikao cha safari, shemeji alipiga jeki gari la Mpole. Akayatoa matairi mazima mawili ya mbele, ndiyo yanayoongoza gari, akayafunga kwenye gari la mwanawe. Yale yenye nyufa akayafunga kwa Mpole. Nilimwona dirishani. Nilidhani ni kazi yake ya kila siku.

Msafara ulipofika kwenye lami ndefu, jua likiwa utosini, tairi la mbele la Mpole lilipasuka. Gari lilikuwa kwenye mwendo mkali, likabiringika mtaroni. Mpole hakutoka.

Mwanangu alirudi akiwa mzima. Hakukaa.

"Baba, nililishika lile tairi. Lilikuwa linanuka dizeli. Mpole hakuwahi kupaka."

Shemeji alitazama mikono yake. "Lilikuwa lako. Ningefanyaje?"

"Ungeniacha nalo."

"Mwanangu," dada akasema, "huyu ni mzazi. Mzazi angefanya nini?"

"Mpole hana mzazi, mama?"

Alibeba nguo zake akahamia kambini, kisha akaomba apelekwe kwenye kikosi cha minyororo. Akikutana na baba yake pale uani mwa karakana humpigia saluti kama anavyompigia mtu yeyote, kisha hupita. Shemeji alimweleza mkuu wa karakana ukweli wote. Mkuu alisikiliza, akamwambia arudi kazini; taarifa ilikwisha kutumwa, nayo ililaumu barabara. Nilifikiri adhabu ingemfaa kidogo. Haikuja.

Aliyekuja ni mama yake Mpole, kuchukua mfuko wa nguo za mwanawe. Nilikuwa nimempelekea shemeji chakula cha mchana, nikamkuta mama huyo amesimama mbele yake katikati ya karakana.

"Wewe ndiye Mzee Upepo?"

"Ndiye mimi, mama."

"Alikutaja kila alipokuja nyumbani. Akisema, mzee ameniambia hivi, mzee amenikataza vile. Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Nakushukuru kwa kunilelea."

Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mkono mweusi wa mpira, akauinamia. Shemeji alifungua mdomo. Nilingoja. Mama yule naye alingoja, akidhani ni majonzi, akampigapiga begani.

"Pole na wewe, baba," akamwambia.

"Ahsante," shemeji akasema, akamsindikiza hadi getini, amembebea mfuko.