Anatolia Apanda Ndege

Mwaka 1954 Anatolia, mjane mwenye shamba la kahawa Kituntu, aliletewa telegramu: mwanawe Novatus, karani Dar es Salaam, yuko mahututi. Alidandia lori mpaka Bukoba.

"Kwa meli na treni ni siku nne," karani wa uwanja wa ndege alimwambia. "Kwa ndege, mama, ukiondoka asubuhi unafika kabla jua halijatua."

Alipanda, rozari mkononi, akiogopa kutazama chini. Walitua Mwanza, wakatua Tabora, na saa kumi jioni akawa Dar es Salaam.

Novatus alifumbua macho hospitalini. "Shikamoo, mama. Kumbe nimelala siku nyingi hivyo?"

"Marahaba. Si nyingi, nimekuja kwa ndege. Kunywa uji."

Alimuuguza hadi akapona, kisha akarudi kwa treni. Kuruka mara moja kulimtosha.