Klipu Iliyobaki

Mtaani walimwita Wembe, na wala si kwa ukali. Alikuwa kinyozi, mwembamba, mtu wa wasiwasi tangu tumboni mwa mama yake. Mteja akikohoa kitini, Wembe huondoa mkono haraka na kusubiri mpaka aambiwe aendelee. Watu walimpenda kwa hilo hilo. Kwenye shingo ya mtu, bora kinyozi mwoga kuliko kinyozi shujaa.

Sasa mtu wa namna hiyo alitaka nini na gari la spoti, hilo mkamwulize mwenyewe. Lilikuwa la zamani, la milango miwili, pua ndefu, tumbo karibu liguse ardhi, limekaa kama linakimbia hata likiwa limesimama. Alilikuta nyuma ya nyumba ya mteja wake mmoja, kuku akiatamia kwenye kiti cha abiria, akalipenda papo hapo. Wenzake walimcheka kwamba amenunua banda. Yeye akalivuta hadi uani kwake, akaanza kulifufua kila Jumapili na kila jioni iliyokosa wateja. Alikwangua kutu, akashona viti kwa mkono wake, akahangaikia vioo, akaziba bomba la moshi. Taa zake za mbele zilikuwa za kujificha ndani ya boneti, unaziwasha ndipo zinainuka; ila ya kushoto ilikuwa nzito kuamka, kwa hiyo gari likawa linakonyeza. Jirani mmoja alikuja kulalamika kwamba linamtongoza mkewe.

"Litaisha lini?" watu waliuliza.

"Wiki ijayo," alijibu, mwaka nenda mwaka rudi. Ikafika mahali mtu akitoa ahadi isiyo na dalili, mtaani wanamwambia, "Hiyo ni wiki ijayo ya Wembe."

Mkewe alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na kusema kweli yeye ndiye aliyekuwa jasiri wa nyumba. Gari la mumewe aliliita "mke mwenzangu". "Mimi napewa dakika mbili za kula, mwenzangu anapewa Jumapili nzima," alisema mbele ya wageni. Wageni wanacheka, Wembe naye anacheka, huku akichungulia dirishani kama mvua haijaanza. Lakini mama huyo hakuwahi kupanda gari lile hata siku moja, na sababu yake aliitoa kazini. Hospitalini kwao madereva wakipokezana zamu, anayeingia humwuliza anayetoka neno moja tu kuhusu ile ambulensi: "Nzima?" Akijibiwa "Nzima," anapokea ufunguo na kuondoka, maana mgonjwa akiwa nyuma anaugulia hakuna nafasi ya kuanza kufungua magurudumu. Asiye na hakika husema hana hakika, na hakuna anayemcheka. Gari la Wembe lilikuwa halijawahi kupewa neno hilo. Basi angelipandaje?

Zilikuwa zimebaki breki tu. Wembe alikuwa na utaratibu wake, alioutoa kwenye kazi ya unyozi. Vyuma vya kila gurudumu aliviweka kwenye kisahani chake cha chai, vimejipanga kama vilivyotoka, sawa na anavyopanga mikasi na vitana mbele ya kioo. Visahani vinne kwa magurudumu manne, na cha tano kwa klipu kuukuu za breki alizozinunua kwa muuza vyuma chakavu ili ajipatie akiba. Zilizooza katika hizo alizitupa, nzima akaziacha kisahanini, bila kuangalia ni ngapi. Akavipanga vyote kwenye benchi la uani, akaenda kazini.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nao kwa ajili ya matibabu ya jicho. Mchana ule wageni wakaja kumpa pole, na wageni walizidi visahani. Mke wa Wembe hakusita. Akamimina vyuma vyote kwenye bakuli moja la bati, akaviosha visahani mpaka vikang'aa, watu wakanywa chai yao kwa amani.

Jioni Wembe alipoliona lile bakuli alishika kichwa.

"Kwani si vyuma vya gari moja?" mkewe aliuliza.

"Ni vya gari moja," alisema Wembe. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale, na mbele ya mkwe mtu hagombani kuhusu visahani.

Akaanza kufunga kwa kubahatisha, kipande kwa kipande, akilinganisha umbo na kutu. Siku iliyofuata akamaliza. Magurudumu yote yalikuwa yamerudi mahali pake, naye anafuta mikono, ndipo akaona kwenye kitako cha bakuli klipu moja. Kilikuwa kidude kidogo cha chuma kilichopindwa, kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kazi yake kuishika pedi ya breki isicheze. Bila klipu, pedi inaweza kuanza kutikisika, ikapinda, na siku isiyo na jina ikakukatalia. Je, hii ilikuwa ya akiba, au kuna gurudumu lililofungwa bila klipu? Alijaribu kukumbuka. Kadiri alivyojaribu ndivyo kila gurudumu lilivyozidi kumtia shaka.

Angeyafungua yote tena. Hilo ndilo alilokusudia, na kama angeachwa dakika kumi tu angelifanya. Lakini mkewe alitokea mlangoni na kanga begani, akalizunguka gari, akapitisha kidole kwenye boneti iliyopakwa rangi upya. Kisha akauliza, si kwa utani, bali kwa sauti ile ya kazini:

"Nzima?"

Klipu ilikuwa ndani ya kiganja cha Wembe. Aliiona sura ya mkewe, ilivyojaa hamu ya kusikia. Akawaona wote waliomcheka, akaiona ile wiki ijayo yake. Ulimi hauna mfupa.

"Nzima," akasema.

Alijiambia kesho jioni atafungua tena, kimya kimya, na neno lake litakuwa la kweli kabla halijamdhuru mtu. Klipu akaitia mfukoni.

Asubuhi alikuwa anamnyoa dereva wa lori, mteja wake wa siku zote, mtu mnene mwenye ndevu za kutosha watu wawili. Upande mmoja ulikuwa umeshatoka, upande wa pili umejaa povu, simu ikaita.

"Baba watoto, usishtuke," mkewe alisema, na kicheko kilikuwa kinamtoka. "Nimemchukua mke mwenzangu. Nampeleka Mama kliniki ya macho. Nimekaa kwenye kiti ulichokishona, yaani nimejiona malkia! Haya, natoka getini, naweka simu mbali."

"Subiri! Usi..."

Simu ilikuwa imekatika. Akapiga, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mkewe akishika usukani hapokei simu, hata apigiwe na mganga mkuu mwenyewe. Na njia ya kliniki ilikuwa na miteremko miwili: mmoja mfupi unaoishia sokoni, halafu ule mrefu unaoshuka hadi darajani, ambao hata malori huushuka kwa kunyata. Wembe aliuweka wembe mezani, akapiga mara ya tatu.

"Kuna nini?" dereva wa lori akauliza.

Wembe akaitoa klipu mfukoni, akamweleza kwa maneno yaliyokanyagana. Dereva akaigeuza geuza.

"Hii? Sasa hii si kama ya kubania nywele?"

"Ni ya breki, kaka. Mke wangu yumo ndani. Na mama yake!"

Utani ukamwisha yule bwana. Akainuka na kitambaa shingoni, povu shavuni, wakakimbilia lori lililoegeshwa nje. Njiani watu waliokuwa wanapisha walimkodolea macho yule dereva nusu mzee nusu kijana, lakini Wembe hakuona kitu. Macho yake yalikuwa barabarani, yakitafuta vioo vilivyovunjika, umati, kanga. Kila pikipiki iliyopiga honi ilimpasua moyo. Alianza kuomba, akakosea maneno, akaanza upya. Alijua kabisa anachoogopa: kwamba mkewe angekufa akiwa ameliamini neno lake.

Waliteremka mteremko mfupi. Sokoni, kando ya barabara, gari lilikuwa limesimama, zima, jekundu, linang'aa, watu wawili watatu wakilishangaa. Mama mkwe alikuwa kitini ameinamisha kichwa nyuma, na mkewe anamtia dawa ya jicho.

Wembe akashuka kabla lori halijasimama sawasawa.

"Jamani, mmetufuata!" mkewe alisema. Uso wake ulikuwa wa siku za uchumba, Wembe hakuwa ameuona miaka mingi. "Baba watoto, breki zake tamu! Unagusa tu, linatii. Miaka yote nimekusema bure. Nisamehe."

"Hata mimi nilikusema, mwanangu," mama mkwe akadakia, jicho moja limefumbwa. "Tena kwa majirani."

"Tunamalizia huu mteremko wa darajani, jioni unanifundisha kuliosha," mkewe akasema, akizungusha ufunguo kidoleni. Dereva wa lori akakohoa, akatazama pembeni.

Angeweza kunyamaza. Pengine klipu ilikuwa ya akiba tu, pengine wangefika salama, na uso ule angebaki nao. Wembe alilijua hilo, na alilitamani. Kisha akaushika mlango wa gari.

"Msiende," alisema. "Jana kilibaki kipande. Sijui cha wapi. Nilikwambia nzima, na sikuwa na hakika."

Mkewe aliacha kuzungusha ufunguo. Alimsaidia mama yake kushuka, akampandisha kwenye lori taratibu, akarudi akasimama na mikono kifuani.

Dereva wa lori alitoa jeki na spana. Wembe akalala kwenye vumbi na nguo zake za kazi, akafungua gurudumu la kwanza. Klipu zipo. La pili, zipo. La tatu lilimtoa jasho, nati zilikataa, na huko pia zilikuwepo. Alipofikia la nne, dereva akamshikia tochi ya simu. Akaingiza kidole, akapapasa, akapapasa tena.

"Zipo!" alipiga kelele, akaruka kutoka chini na vumbi mpaka kwenye nyusi. "Zote zipo! Ile ilikuwa ya akiba! Umeona, mke wangu? Lilikuwa zima tangu jana!"

Wale waliosimama wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Mkewe alimtazama, na machozi yalikuwa yamemlengalenga.

"Lakini jana ulikuwa hujui," alisema.

Akauweka ufunguo juu ya boneti, akapanda lori, akakaa karibu na mama yake.