Riwaya Yangu Ilivyofika Kakuma Kabla Sijaimaliza, Nusura Ndoa Ivunjike

Wakuu, hamjambo humu ndani? Wa Nairobi, wa mashambani, wa ng'ambo, na hata nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kujisajili, nawasalimu wote.

Mimi ni mama mtu mzima, bibi wa wajukuu. Umri huu sina haja ya kumdanganya mtu. Haya yalinipata mimi mwenyewe miaka ya sabini, pale Lodwar, na ushahidi kwamba ni kweli nitawapa mwisho kabisa.

Ni uzi wa jinsi nilivyokaribia kuachwa na mume wangu kwa sababu ya mwanamume ambaye hajawahi kuzaliwa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika riwaya za mapenzi. Ndiyo, zile za jalada lenye msichana ameegemea mlango anatazama barabara. Mama zenu walizificha chini ya godoro, msijifanye hamjui.

Nilizaliwa Taveta. Mume wangu, Baba Wema, ni Mkisii. Alikuwa bwana mifugo, mtu wa chanjo na dawa za kupe. Mpole, mchapa kazi, lakini maneno alikuwa anayatoa kama mtu anayelipia kila moja. Riwaya zangu alikuwa hajasoma hata ukurasa. Alikuwa anasema, "Hizo ni zenu kina mama," anaendelea kunywa chai.

Sasa akapata transfer. Lodwar.

Watu walitulilia kama wanatuzika. Wakati ule mfanyakazi wa serikali akipelekwa Turkana, majirani wanauliza umemkosea nani. Tukapakia vitanda, mtoto wetu Wema aliyekuwa bado hajaanza shule, taipureta yangu, na sanduku la vitabu. Lile sanduku lilikuwa zito kuliko kitanda. Baba Wema alinuna kutoka Kitale hadi tunafika.

Wakuu, joto la Lodwar mnalisikia kwa redio tu. Nyumba ya mabati, ikifika saa nne asubuhi huwezi kugusa meza. Upepo ukija unaleta mchanga, na mchanga unaingia kwenye taipureta mpaka herufi zinakwama. Utepe wa wino ulikauka ukawa hauandiki. Mchwa nao wakaanza na vitabu, wakala mwisho wa hadithi mbili nilizozipenda sana, mpaka leo sijui walioana au la!

Na Wema alikuwa anachukua karatasi zangu kutengeneza ndege za kurusha. Sura nzima za mapenzi zilipaa zikaenda zizini kwa mbuzi.

Hilo zizi lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, la mbuzi wa idara. Likumbukeni, tutalirudia.

Kwa hivyo nikaanza kwenda kuandikia ukingoni mwa mto Turkwel, kwenye kivuli cha mikoma, ile mitende ya porini. Pale ndipo akina mama walikuwa wanasukia vikapu, kwa majani ya hiyo hiyo mikoma. Mmoja wao, Nakiru, alijua Kiswahili kwa sababu alikuwa ameuza vikapu Kitale. Tulianza kwa salamu yao, "ejok" na "ejok", baada ya siku chache tukawa marafiki wa kuchekana.

Sasa nisikilizeni hapa.

Mimi siwezi kuandika mazungumzo bila kuyasema kwa sauti. Ndivyo nilivyo. Nikiandika mwanamke analia, lazima nilie kidogo nisikie kama kilio kinaingia. Nakiru akaniuliza nasema nini, nikamsomea. Akawatafsiria wenzake kwa Kiturkana. Kesho yake nilichelewa, nikawakuta wananingoja. Kila nikinyamaza kutafuta neno, Nakiru ananihimiza, "Halafu?"

Loh! Mwandishi akipata "halafu" ya namna hiyo, amekwisha. Nilivimba kichwa.

Riwaya yenyewe nilikuwa naiandika kwa "mimi". Mimi ni mke wa bwana maji katika mji wa joto, mume wangu yuko safarini kila mara, nimependana na Musa, dereva wa lori jekundu la samaki, mwenye jino la dhahabu, anayepita kutoka Kalokol. Musa ananiambia nipakie nguo zangu twende. Nami sijaamua.

Nilimfanya mume awe bwana maji eti kusudi asifanane na wangu. Nikajiona mjanja.

Kitu kimoja kilinishangaza. Nikisoma sehemu za kuchekesha, hawacheki. Wananitazama kwa huruma. Nakiru akaanza kuniletea maziwa. Mama mmoja ambaye hatukuwa na lugha moja alinishika shavu akatikisa kichwa. Na kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa lori la samaki la kweli, babu wa watu, mdomoni hana meno ya kuhesabika, akisimama dukani akina mama wanamfokea kwa Kiturkana mpaka anarudi kwenye gari. Nami nikajiambia, jameni, hawa watu wana mapenzi na fasihi!

Wakati huo Baba Wema alikuwa Kakuma kwa chanjo ya ng'ombe, muda mrefu. Kakuma ya wakati ule, vijana, si hii mnayoijua. Hakukuwa na kambi. Maduka machache, misheni, na mto Tarach ambao mara nyingi ni mchanga mtupu.

Kuna jambo la Waturkana ambalo nilikuwa naliona bila kulielewa. Mtu akifika kutoka safari, hapokelewi kwa maneno mafupi. Anakalishwa, anapewa tumbaku, halafu anatoa habari zote za alikotoka. Nani amezaa, wapi kuna majani, nani amegombana na nani. Anayesikiliza atazibeba hivyo hivyo mpaka kwao. Kaka yake Nakiru alikuja Lodwar na mbuzi wa kuuza, akakalishwa, akapewa habari. Akarudi nazo Kakuma.

Mmeshaanza kuona? Mimi sikuona.

Siku moja mchana naosha vyombo, naona lori limemshusha Baba Wema langoni. Hakuwa wa kurudi siku hizo. Vumbi mpaka kwenye kope. Nikafurahi, nikatoka mbio.

Akanipita. Hata zizini hakwenda. Akaingia ndani, akakaa, kofia mkononi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo dereva."

Wakuu, nilicheka. Mungu wangu, kwa nini nilicheka! Nilidhani ni utani, na Baba Wema hajawahi kunitania tangu tuoane. Uso wake ukabadilika nikaona si mzaha.

Akasema polepole, "Kesho kuna lori la kwenda Kitale. Nampeleka Wema kwa mama yangu. Wewe panda hilo la samaki."

Nikakaa sakafuni na kitambaa cha vyombo mkononi. Wema alikuwa nje anaimba. Niliwaza sauti hiyo ikitoka katika ile nyumba, na mimi ndani peke yangu na taipureta.

Nikamwuliza nani amemwambia. Akasema ameambiwa na mzee mwenyeji wake kule, Lokwang, ambaye alimkalisha chini kwa heshima, akampa chai, akamsimulia kila kitu kwa masikitiko. Lori jekundu. Jino la dhahabu. Rinda la bluu nililovaa siku ya kwanza. Yule bwana maji alikuwa ameshageuka bwana mifugo, maana kila mtu alijua mume wangu ni nani.

Halafu akaniangalia. "Mpaka ile ya mbuzi," akasema. "Kwamba mimi nikirudi safari nawasalimu mbuzi kabla yako."

Hapo nikaelewa. Maneno yale yale, sura ya nne!

Niliruka nikaleta karatasi zote, nikamwekea mapajani. Nikamwambia soma, ni hadithi, ni kitabu, huyo Musa nimemtunga hapa hapa mtoni! Nilijua nimepona.

Akasoma kidogo. Akainua kichwa akauliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka natoka jasho.

"Uliandika kwanza, au ulifanya kwanza?"

Wenzangu waandishi humu, niambieni, mngejibu nini? Karatasi zinaonyesha tu kwamba nimeandika. Kadiri nilivyoandika vizuri ndivyo nilivyojifunga kamba.

Nikamshika mkono nikamvuta mpaka mtoni. Alikuja kwa sababu ni mtu wa haki, ng'ombe hamchanji kabla hajampima.

Akina mama walipotuona waliweka vikapu chini wote. Nikamwambia Nakiru, nikiwa karibu kulia, "Dada, mwambie Baba Wema kwamba nilikuwa nawasimulia hadithi tu."

Nakiru akanitazama kama mtu ambaye hamjui.

"Hadithi? Hapana. Hadithi ni ya jioni, mbuzi ikishaingia. Wewe nasema mchana, jua iko juu hivi. Mchana mtu nasema maneno ile imefanyika."

Wakuu!

Kumbe. Kumbe ndiyo maana hawakucheka. Kumbe yale maziwa yalikuwa rambirambi. Kwao hakuna mtu mwenye akili anayetoa hadithi ya kutunga jua likiwaka. Na mimi siku zote hizo nimekaa kivulini naungama dhambi ambayo sijafanya, kwa sauti, na kilio juu!

Lakini hilo lilinizamisha zaidi, maana sasa shahidi wangu mwenyewe anasema nilisema ni kweli. Baba Wema akashusha pumzi nzito. Akamwuliza Nakiru, "Huyo dereva wewe ulimwona?"

Nakiru akakasirika. Kweli, alikasirika.

"Hakuna mtu ameona! Sisi natafuta yeye sana. Kila lori ikikuja, sisi naenda naangalia meno. Hakuna dhahabu. Ile mzee ya samaki hana hata meno. Nyumba yako tunaangalia, huyu anaenda mbele, huyu nyuma karibu na mbuzi. Tulikuwa taka piga yeye. Na huyu mama hatoki! Asubuhi mtoni, jioni nyumba. Hata sisi tukauliza, sasa huyo mwanaume napita wapi?"



Kisha nikasikia sauti ngeni. Baba Wema alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mkoma, machozi yakachora mistari kwenye vumbi la uso. Nami nikaanza, kwa kulia na kucheka pamoja. Nakiru akatafsiria wenzake, na hatimaye, baada ya sura zote zile, wakacheka! Yule mama aliyenishika shavu alinipiga mgongoni, kwa nguvu kabisa.

Kumbe nilikuwa nalindwa na sikujua. Kama wangekuwa watu wasionipenda, wangeniachia umbea tu. Lakini walilinda nyumba yangu, na ulinzi wao ndio ulioniokoa. Mzigo ulivyonitoka siku ile siwezi kuueleza. Usiku nililala kama mtoto.

Lori la Kitale lilikwenda bila Wema.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniuliza, bila kunitazama, "Na ile ya mbuzi? Ni hadithi?"

Nikafikiri kumwambia ndiyo, yaishe. Nikasema, "Hiyo hapana. Hiyo ni ya kweli."

Kesho yake alibeba kiti nje, akasoma karatasi zote, hata zile nilizoziokoa kwa Wema zikiwa na mikunjo ya ndege. Alisoma kutwa. Mwisho akaja jikoni akiwa na wasiwasi wa kweli.

"Mama Wema, sasa huyu mwanamke anapanda lori au hapandi?"

"Sijaamua."

"Aa. Fikiria vizuri."

Lakini Kakuma habari ilikuwa imeshakaa, na habari ya Waturkana haifutwi kwa karatasi. Safari iliyofuata alitubeba mimi na Wema, watu watuone kwa macho. Mzee Lokwang alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema kwa masikitiko, "Amerudi," kana kwamba nilishakwenda na Musa. Nilitaka ardhi inimeze.

Ikabidi niwatolee habari mpya. Safari hii nilingoja. Nilingoja mbuzi wakaingia, jua likazama, watu wakakaa. Lokwang akatafsiri. Nikaanza upya kutoka kwa lori jekundu, na wakuu, walicheka! Pale pale nilipotaka wacheke.

Nilipofika mahali Musa anapiga honi na mwanamke ameshika nguo zake, kwa kweli nilikuwa bado sijui atafanya nini.

Baba Wema alikuwa anarudi kutoka kwenye maboma, mchovu. Njia yake ilipita katikati ya zizi la Lokwang. Mbuzi wakamlilia kama kawaida. Hakuwaangalia. Aliwapita wote, akaja mpaka nilipokaa, mbele ya watu wote wale, akavua kofia.

"Ejok, Mama Wema."

Nikaitikia. Kisha nikawageukia wasikilizaji nikawaambia mwanamke yule alirudisha nguo zake ndani.

Kitabu kilitoka na mwisho huo. Wasomaji wengine waliniandikia kunilaumu kwamba Musa alionewa. Wasameheni, hawakuwepo.

Nilichojifunza ni hiki: ukiwa ugenini, uliza kwanza watu wanasikiliza vipi kabla hujafungua mdomo. Na kama una malalamiko na mwenzio, mwambie mwenyewe, usimpelekee kwa kupitia Kakuma. Basi.

Baba Wema bado yupo. Macho hayaoni vizuri, namsomea mimi. Mbuzi anao wachache, na wanangoja zamu yao.

Mliowahi kuishi Lodwar au kuolewa na bwana mifugo, tiririkeni hapa chini. Waandishi pia, semeni nyinyi mngejibu nini lile swali lake.

Na ule ushahidi niliowaahidi? Angalieni saa ya huu uzi. Nimeuandika mchana, jua likiwa juu.