Kipozeo cha Mke Wangu

Mke wangu alipita mlangoni mwa karakana yangu amekumbatia kompyuta yake, akanisalimu kwa nyusi, akaingia mlango wa pili, kwa Fundi Kimya, mtengeneza kompyuta mwenzangu. Mchana kweupe! Wateja wangu wawili wakainamisha vichwa kama watu waliopata habari ya msiba.

Mke wangu huchora ramani za nyumba. Ofisi yake ni pembe ya sebule yetu, kati ya kabati la vyombo na dirisha, na kompyuta yake imo ndani ya kasha dogo kuliko ndoo, maana meza haina nafasi zaidi. Kasha hilo nilimuundia mimi, kabla hatujaoana. Sasa kadi ya picha, ile inayomwonyesha nyumba kabla haijajengwa, ilikuwa inachemka. Feni yake inakoroma, na kabla hajamaliza kuchora ukuta wa pili skrini inazimika. Alishaniambia kadi inataka kipozeo kingine, feni na vyuma vya kuipoza. Nikamwambia kesho. Mfinyanzi hulia gaeni, najua, lakini gae langu kalipeleka kwa jirani kwa idhini ya nani?

Kimya ana vidole virefu na maneno machache, na wanawake wanamsifia yote mawili. Roho iliniuma, sifichi. Nilipita mlangoni kwake mara nne nikijifanya natafuta bisibisi. Mara ya tatu niliwakuta wameinamia kasha, vichwa karibu kugusana, mke wangu anacheka mpaka anajifuta machozi. Nyumbani sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi.

Nikaapa kumkomesha huyo Kimya. Nilifunga karakana, nikaenda dukani na kuchukua kipozeo kikubwa kuliko vyote: feni tatu, mabomba ya shaba, kizito kama tofali.

“Kasha lako lina nafasi kiasi gani, fundi?” muuzaji akaniuliza.

“Unanifundisha kazi?”

Mke wangu aliporudi nyumbani na kasha lake, alikuwa na mfuko mdogo mkononi. Ndani mlikuwa na kipozeo chembamba, feni mbili bapa, kutoka kwa Kimya.

“Hicho weka pembeni,” nikamwambia. “Mumeo yupo.”

Nikafunga changu kwenye kadi, nikairudisha kadi ndani, nikaleta kifuniko. Kikagoma. Nikasukuma, nikageuza, nikasukuma tena kwa kiganja. Pengo la vidole viwili likabaki pale pale, likinitazama.

Mke wangu alitoa mfukoni kibonge cha unga uliokandwa, kimefungwa kwenye nailoni, kimebanwa bapa juu. Damu ikanichemka. Ujanja ule ni wangu! Unaweka unga juu ya kadi, unafunga kasha, unafungua, unapima unene wa unga uliobanwa. Kipozeo chako kisizidi hapo. Nilimfundisha yeye peke yake, wakati wa uchumba, tukiwa na unga mpaka viwikoni.

“Umempa Kimya ujanja wangu?”

“Kimya hata hakujua unga ni wa nini. Alidhani nimemletea chakula, akataka kuumega. Ndiyo maana nilicheka.” Akakigeuza kile kibonge. Alama ya dole gumba iliyokuwa pembeni ilikuwa ndogo, yake. “Nimepima mwenyewe, nikachagua mwenyewe. Yeye kaniuzia tu.”

“Sasa si ungeniletea mimi?”

“Nilikuletea mara tatu, baba watoto. Mara ya tatu uliniambia nikae kwenye foleni na wateja wengine. Nikakaa. Ukafunga karakana, ukanipita pale kwenye benchi bila kunitazama.”

Siku ile naikumbuka. Niliona watu kwenye benchi, sikuona ni akina nani.

Mke wangu akaninyang'anya bisibisi, akaanza kufungua kipozeo changu, skrubu moja baada ya nyingine.

“Shika tochi,” akasema.

Nikashika.